Kiharusi (3): Mshipa upi umeziba?

Sehemu iliyopita tulitofautisha kiharusi cha mshipa kupasuka na kile cha mshipa kuziba. Leo tubaki na hiki cha pili, ambacho ndicho cha kawaida zaidi. Daktari akimfikia mgonjwa hujiuliza: ni mshipa upi? Jibu huanza kupatikana kabla mashine yoyote haijawashwa.

Unaoziba mara nyingi ni ateri ya kati ya ubongo. Hulisha sehemu zinazoendesha uso na mkono, hivyo mdomo huenda upande, mkono ukalegea, mguu ukawa na nafuu kidogo. Ikiziba ya kushoto, mwili hupooza kulia na maneno hupotea: mgonjwa anaonyeshwa saa, anaitazama, midomo inacheza, jina haliji. Ndugu husema amerukwa na akili, kumbe anaitambua vizuri. Ya kulia hudanganya zaidi. Mgonjwa anazungumza sawasawa, lakini hajali chochote kilicho kushotoni kwake; ukimwinulia mkono uliopooza, anaweza kukana kuwa ni wake. Tazama na macho: ateri hii ikiziba kwenye shina lake, kwa kawaida macho huelekea upande wa ubongo ulioumia, yakaukimbia upande uliopooza.

Mguu ukizidiwa kuliko mkono, shuku ateri ya mbele. Mtu akipoteza ghafla nusu ya upeo wa kuona, shuku ya nyuma.

Inayonitia hofu ni ateri ya basila, mlishaji wa shina la ubongo. Huanza kwa kizunguzungu, kutapika, kuyumba, kuona vitu viwiliviwili, na watu wakadhani ni malaria au pombe. Ikiziba kabisa huweza kuua, au kumwacha mtu na fahamu zake zote asiweze kusogeza chochote ila kope na macho, juu na chini.

Picha ya kwanza ya CT hutafuta damu iliyovuja. Saa za mwanzo ubongo ulionyimwa damu waweza kuonekana mzima. Ndiyo maana huchomwa dawa ya kung'arisha mishipa, picha ikapigwa tena, na pale damu inapokomea pakaonekana. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa hutolewa ndani ya saa 4.5. Bonge la mshipa mkubwa huweza kuvutwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani, tiba iliyothibitishwa na majaribio ya 2015, kwa kawaida ndani ya saa 6, na kwa wagonjwa wateule hadi saa 24. Hospitali nyingi za kwetu bado hazina huduma hiyo.

Saa hizo hazihesabiwi tangu mgonjwa alipokutwa kitandani asubuhi, bali tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Anayemsindikiza aishike saa hiyo, na kiungo kilichotangulia kulegea.