Wepesi wa Boti ya Mbao ya Majaribio Iendeshwayo kwa Redio
Boti zinazobeba watu Ujiji, njia ya kale ya misafara kutoka Tabora ilikofikia Ziwa Tanganyika, zastahili kujaribiwa umbo kabla ya kuundwa. Makala haya yanaeleza kwa nini kielelezo cha mbao kiendeshwacho kwa redio sharti kiwe chepesi kama boti ndogo za mashindano. Kwa kanuni ya William Froude, kielelezo kilichopunguzwa urefu mara 16 hupimwa kwa robo ya kasi ya chombo halisi, na uzito hugawanywa kwa 4,096. Boti ya tani 2 huwakilishwa na takribani nusu kilo, mota na betri zikiwemo. Mninga, mti maarufu wa Tabora, ni mzito kwa ganda hilo. Mbao laini iliyochanwa nyembamba yafaa zaidi. Uzito ukizidi, kielelezo hudidimia, ukinzani wa maji huongezeka, na vipimo humpotosha fundi.