Risasi Haichagui: Sinema ya Wauaji wa Kukodiwa

Sinema iitwayo "In Bruges", iliyotungwa na kuongozwa na Martin McDonagh mwaka 2008, yahusu watu wawili wa Ireland wauao kwa ujira. Ray, kijana anayeigizwa na Colin Farrell, alitumwa kumwua padre. Risasi ikapenya mwili wa padre na kumwua mtoto aliyekuwa nyuma yake kanisani. Mkubwa wao, Harry, awapeleka Ray na mwenziwe Ken kujificha Bruges, mji wa kale wa Ubelgiji.

Hapo vichekesho vyaanza. Ken, mtu mzima, aufurahia mji kama mtalii. Ray anuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Kisha Harry ampigia Ken simu: Ray auawe. Ken amwendea bustanini kwa siri, bastola mkononi, akamkuta Ray amejielekezea bastola yake mwenyewe kichwani. Mwuaji akageuka mwokozi, akamzuia!

Harry naye ana sheria moja: auaye mtoto sharti ajiue papo hapo. Mwishowe ampiga Ray risasi, nazo zapenya na kumwua mwigizaji mfupi wa kimo aliyevaa nguo za mtoto wa shule. Ray ajaribu kumweleza. Harry hasikii, ajiua.

Watoto wasiitazame, kwani ina damu na matusi mengi. Lakini mtu mzima, hasa mshika silaha, atacheka kisha atanyamaza. Risasi ikishatoka hairudi, na majuto ni mjukuu.