Yoga ya Patanjali: Tunajifunza Nini?

Wengi wetu tukisikia yoga tunafikiria mazoezi ya viungo. Kumbe katika Yoga Sutra za Patanjali, maandishi ya kale ya India, mkao wa mwili ni hatua ya tatu kati ya nane. Ya kwanza ni maadili: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kushinda tamaa za mwili, kutojilimbikizia. Ya pili ni nidhamu binafsi. Pumzi na tafakuri huja baadaye.

Mpangilio huo unatufaa: anayedanganya mchana atawezaje kutulia katika sala jioni? Nostra Aetate (1965) inasema Kanisa halikatai yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini hizo.

Lakini mwisho wa safari ni tofauti. Kwa Patanjali, ukombozi ni roho kubaki peke yake, imejitenga na maumbile. Sisi tunatumaini umoja na Mungu na ufufuko wa mwili, na tunaupokea kwa neema, si kwa ustadi wetu. Ndiyo maana barua ya Vatikano ya 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo inatuonya tusidhani kila utulivu wa mwili ni faraja ya Roho Mtakatifu. Tupime sala zetu kwa upendo.