HS30 Maana Yake Nini? Tusome Kibati cha Gari

Ukifunua boneti ya gari utakuta kibati chenye herufi na namba. Wengi wetu tukikiona tunapita tu, ati hayo ni mambo ya mafundi. Siyo. Hayo ni maandishi kama maandishi mengine, na aliyejua kusoma anaweza kuyasoma. Asiyeyasoma huweza kuuziwa gari la wizi.

Hebu tuchukue gari moja la mbio, Datsun 240Z kutoka Japani. Wazee wengi wa Kenya na Tanzania wanalikumbuka. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta.

Namba ya gari hilo huanza na HS30. Tuanzie mwisho. S30 ni aina ya bodi. H inaonyesha kwamba injini yake ni L24. Hapo L ni jamii ya injini, na 24 ni ukubwa wake, yaani lita 2.4.

Gari la HS30 lina usukani wa kulia, kama magari ya kwetu. Yale yaliyopelekwa Marekani yalikuwa na usukani wa kushoto, nayo yakaandikwa HLS30. L hii si ile ya injini. Hii ni ya usukani. Herufi moja tu, na dereva amehamia upande wa pili! Basi ukiona HLS30 kwenye gari lenye usukani wa kulia, uliza ni nani aliyeuhamisha.

Baada ya herufi hizo hufuata namba ya gari lenyewe. Magari mawili ya aina moja hayapewi namba moja.

Kulikuwa pia na kikaratasi cha rangi, kimebandikwa mbele ya injini. 918 ni rangi ya chungwa. 904 ni nyeupe, na Wajapani waliiita Nyeupe ya Kilimanjaro. Gari likiwa jekundu na kikaratasi kinasema 904, jua limepakwa rangi upya. Hilo si kosa, lakini muuzaji akueleze sababu.

Japani kwenyewe liliuzwa gari la ndugu yake, Z432. Namba hiyo ina maana: vali 4 kwa kila silinda, kabureta 3, kamshafti 2. Kibati chake kiliandikwa PS30. Yalitengenezwa machache sana, kwa hiyo bei yake leo ni kubwa mno. Sasa fikirini: kibati ni kipande cha bati kilichofungwa tu. Mwenye tamaa anaweza kukibandua na kukifunga kwenye gari la kawaida.

Ndiyo maana namba hugongwa pia kwenye chuma chenyewe. Katika Datsun hii imegongwa kwenye ukuta unaotenga injini na dereva. Magari mengine huwekwa mahali pengine, fundi atakuonyesha. Ukinunua gari lolote, hata pikapu ya kubebea mahindi, soma mahali patatu: kwenye kibati, kwenye chuma na kwenye kadi ya gari. Soma herufi moja moja, kwa kidole ukipenda. Pitisha mkono juu ya chuma. Kama pamekwaruzwa kwa tupa au pamechomelewa upya, usitoe pesa.

Huenda mtu akakuambia namba halali lazima iwe na tarakimu na herufi 17. Ni kweli kwa magari mengi. Marekani ilianza kudai hivyo kwa magari ya mwaka 1981. Katika hizo 17 hamna I, O wala Q, kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Ukiikuta O, kuna mtu ameichezea. Lakini magari yaliyotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe, ambayo huletwa kwetu kwa wingi yakiwa yametumika, yana namba fupi yenye kistari katikati. Fupi hiyo isikutishe. Ilinganishe tu na kadi.