Utangulizi: Kumpima Kwotabeki Kabla ya Drafti

Swali la taaluma hii ni jepesi kulisema. Kijana wa miaka 21 au 22 ametamba misimu miwili mitatu akiwa kwotabeki wa chuo kikuu nchini Marekani. Je, ataweza kuiongoza timu ya NFL, ligi ya kulipwa yenye klabu 32? Kulijibu kumekuwa kazi ya watu kwa miongo mingi. Klabu zina maskauti wanaozunguka vyuo mwaka mzima, makocha wanaokesha na video, madaktari, wanasaikolojia, na siku hizi wanatakwimu. Hata hivyo wanakosea mara kwa mara, tena hadharani, na fedha zinazopotea ni nyingi. Hicho ndicho kinachonifanya nikukaribishe kwa moyo mmoja. Ni nadra kupata uwanja wa utafiti ambao utabiri wake una tarehe, una jina na una namba, kisha ukweli ukaja kuuhukumu ndani ya miaka mitano.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, mambo mawili yatangulie. Kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira karibu kila shambulizi linapoanza. Ana kama sekunde mbili na nusu au tatu za kuamua amrushie nani, ampe mwenzake aliye karibu au akimbie nao mwenyewe, huku watu wenye kilo 120 wakimjia. Hakuna namba nyingine uwanjani inayobeba matokeo kiasi hicho. Jambo la pili ni drafti yenyewe. Kila Aprili klabu hugawana wachezaji wapya kwa zamu katika raundi 7, iliyoshika mkia ikichagua kwanza na bingwa akija mwisho. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 mjini Philadelphia, ili wenye fedha wasiwazoe vijana bora peke yao. Klabu ya soka yaweza kumpeleka kinda kwa mkopo daraja la chini ikamtazama akikomaa. Katika NFL hakuna daraja la chini la kupeleka mtu. Anayemtaka kijana bora huamua kabla kijana huyo hajacheza hata dakika moja ya mechi ya kulipwa.

Wengi wanaoingia katika fani hii hudhani kazi yao ni kupanga nani alicheza vizuri zaidi chuoni. Hilo linajulikana tayari. Magazeti yamelisema na tuzo zimeshatolewa. Kazi ngumu ni kutenganisha kilicho cha kijana mwenyewe na kilicho cha mazingira yake, kwa sababu siku akihama chuo atahama na cha kwake tu. Safu ya walinzi iliyompa sekunde nne za kusimama ataiacha. Mpokeaji pasi aliyekimbia kuliko mabeki wote wa ligi ya chuo ataachana naye. Atamwacha pia kocha aliyemwandalia pasi ya kwanza iliyo wazi karibu kila mara.

Hata uwanja hubadilika. Kuna safu mbili za alama fupi zinazoonyesha mpira uanzie wapi kwa upana. Katika mchezo wa vyuo safu hizo zimeachana futi 40, kama mita 12. Katika NFL zimeachana futi 18 na nusu, chini ya mita 6. Kwa hiyo chuoni shambulizi laweza kuanzia karibu na ubavu mmoja, na upande wa pili ukabaki na nafasi kubwa ambayo mabeki vijana hawawezi kuijaza. Huko ndiko zinakotoka pasi nyingi tamu za video fupi. Katika NFL mpira huanzia karibu na katikati, mabeki hugawana uwanja kwa usawa, na mpokeaji anayeitwa huru huwa ameachwa hatua moja tu. Ndiyo maana skauti mzuri hamsifu kijana kwa kumwona mtu aliye peke yake. Husubiri pasi iliyorushwa kabla mpokeaji hajageuka.

Chukua Texas Tech. Kwa miaka mingi chuo hicho kilicheza mfumo wa kurusha mpira takriban kila mara, na makwotabeki wake walivuna takwimu za kushangaza. B.J. Symons alirusha zaidi ya yadi 5,800 msimu wa 2003, akachaguliwa raundi ya mwisho, na hakufua dafu katika NFL. Baada ya mifano ya namna hiyo, klabu zilijifunza kutoziamini namba za Texas Tech. Akaja Patrick Mahomes, na drafti ya 2017 ikafika. Chicago ililipa zamu za ziada ili ipande hadi nafasi ya pili na kumchukua Mitchell Trubisky, aliyekuwa ameanza mechi 13 tu chuoni North Carolina. Mahomes alisubiri hadi nafasi ya 10, Kansas City ikamchukua, na tangu hapo ameshatwaa ubingwa mara tatu.

Waliomtilia shaka walikuwa na sababu. Walipunguza thamani ya takwimu zake kwa haki kabisa, wakaishia hapo. Hawakuuliza swali la pili: ni nini Mahomes alikifanya ambacho mfumo haukumfundisha? Jibu lilikuwa kwenye video. Mpango ulipovurugika, alirusha mpira akiwa anakimbia, mguu mmoja hewani, mkono ukitokea pembe isiyo ya kawaida, na mpira ukafika. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ushahidi mzito kuliko pote: shambulizi lililoharibika, kwani hapo kijana hana kocha wala mfumo wa kumbeba.

Drafti ya 2018 inafaa kusomwa kama kitabu kizima. Makwotabeki watano walichaguliwa raundi ya kwanza. Cleveland ilianza na Baker Mayfield wa Oklahoma. Sam Darnold alikuwa wa 3, Josh Allen wa 7, Josh Rosen wa 10, na Lamar Jackson akafunga raundi akiwa wa 32. Rosen ndiye aliyesifiwa kwa mwendo safi kabisa wa kurusha. Arizona ilimtoa baada ya msimu mmoja. Mayfield alihama mara kadhaa kabla ya kutulia Tampa Bay mwaka 2023. Darnold alionekana kuwa hasara ya wazi kwa New York Jets, lakini mwaka 2024, akiwa klabu yake ya nne, aliiongoza Minnesota kushinda mechi 14. Jackson, wa mwisho kati yao, ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2019 na 2023. Allen aliichukua ya 2024.

Allen ndiye anayenisumbua zaidi. Katika chuo cha Wyoming ni asilimia 56 tu ya pasi zake zilizowafikia wenzake, na kanuni inayoaminika sana inasema asiyelenga chuoni halengi akilipwa. Mwaka wake wa kwanza Buffalo, klabu iliyomchagua, ulionekana kuithibitisha: asilimia 52.8. Mwaka wa tatu alifikia 69.2. Katikati hapo alijenga upya mwendo wa mwili wake anaporusha, mratibu wa mashambulizi alibaki yuleyule misimu yote mitatu, na klabu ikamletea Stefon Diggs, mpokeaji wa daraja la juu. Kanuni haikufa kwa sababu ya mtu mmoja. Vijana wengi wenye mkono wa nguvu kama wake na asilimia ndogo kama ile wameshindwa. Ila Allen anatulazimisha tukubali kwamba tathmini haikamiliki bila kuuliza kijana anaangukia mikononi mwa nani. Mahomes naye alikaa karibu msimu mzima nyuma ya kwotabeki mwenzake Alex Smith, akijifunza kwa kocha Andy Reid. Maskauti wengi huandika ripoti kana kwamba uwezo ni kitu kilichokwisha kukamilika. Sikubaliani nao.

Juu ya vipimo vya mwili sitakaa sana. Kila mwaka mwishoni mwa Februari vijana hukusanyika Indianapolis, hupimwa urefu, uzito na shibiri ya mkono, hukimbizwa yadi 40 na kurusha mpira bila adui mbele yao. Tom Brady alizikimbia yadi hizo kwa sekunde 5.28, akachaguliwa wa 199 mwaka 2000, na akastaafu na ubingwa mara saba. Kimo kilimshusha Russell Wilson hadi raundi ya tatu mwaka 2012, akatwaa ubingwa katika msimu wake wa pili. Wonderlic, mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12, uliondolewa katika vipimo hivyo mwaka 2022. Mwaka uliofuata zilivuja habari kwamba C.J. Stroud alipata alama za chini katika mtihani mwingine wa akili, na msimu huohuo akawa mchezaji chipukizi bora wa ushambuliaji. Maelezo ya daktari kuhusu bega na goti ndiyo ninayoyaheshimu kutoka Indianapolis.

Takwimu zimetusaidia zaidi, zikitumiwa kwa uangalifu. Mwaka 2006 David Lewin alionyesha kwamba kwa makwotabeki wa raundi mbili za kwanza, idadi ya mechi walizoanza chuoni na asilimia ya pasi zilizofika zilitabiri vizuri kuliko mambo mengi yaliyokuwa yakijadiliwa. Hoja ya mechi nyingi bado ina nguvu: kadiri kijana anavyocheza zaidi ndivyo maskauti wanavyopata nafasi ya kuona udhaifu wake. Brock Purdy, aliyechaguliwa wa mwisho kabisa, wa 262, mwaka 2022, alikuwa ameanza mechi zaidi ya 40 Iowa State. Mwanzoni mwa 2024 alicheza fainali ya Super Bowl. Siku hizi wachambuzi hutazama pia ni mara ngapi kwotabeki anayebanwa huishia kuangushwa na mpira mkononi. Tabia hiyo humfuata mtu kutoka chuo hadi ligi kuliko wengi walivyodhani, kwa kuwa kushikilia mpira ni uamuzi wake mwenyewe.

Lakini jihadhari na mtego mmoja. David Berri na Rob Simmons walichapisha utafiti mwaka 2011 uliosema nafasi ya kuchaguliwa haina uhusiano mkubwa na ubora wa kwotabeki kwa kila shambulizi analocheza. Usomapo matokeo hayo, waulize ni akina nani waliohesabiwa. Aliyechaguliwa wa 2 atachezeshwa hata akiwa mbovu, maana klabu imewekeza kwake. Aliyechaguliwa wa 200 hupewa mpira tu akiwa ameshawashangaza makocha mazoezini. Wenzake walioshindwa hawamo kabisa katika hesabu. Kulinganisha makundi hayo mawili bila kusahihisha tofauti hiyo ni kuwapendelea wa mwisho.

Kuna sura moja ya historia ambayo hakuna mwanafunzi wangu anayeruhusiwa kuiruka. Warren Moon, kwotabeki Mweusi, alikuwa mchezaji bora wa mechi ya Rose Bowl ya Januari 1978, akiwa na University of Washington. Mwaka huo hakuna klabu ya NFL iliyomchagua. Alikwenda Kanada, akaiwezesha Edmonton kutwaa kombe mara tano mfululizo, ndipo Houston ikamchukua mwaka 1984. Mwaka 2006 akaingia katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Kwa miongo mingi kwotabeki Mweusi aliambiwa ahamie namba nyingine, kwa madai kwamba namba hiyo inahitaji akili na uongozi. Marlin Briscoe alianza mechi akiwa kwotabeki wa Denver mwaka 1968, na mwaka uliofuata Buffalo ikamgeuza kuwa mpokeaji. Hata mwaka 2018 Bill Polian, kiongozi wa klabu aliyeheshimika sana, alisema Lamar Jackson angefaa kuwa mpokeaji. Mwaka uliofuata alikiri kukosea. Ubaguzi huo ulijificha ndani ya maneno ya kiufundi, katika ripoti zilizoonekana safi. Ukisoma ripoti inayomwita mmoja mwerevu na mwingine mwanariadha tu, dai uonyeshwe shambulizi lililozaa kila neno.

Fedha nazo zilibadilisha hesabu. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alipata mkataba wa dola milioni 78 kwa miaka sita. Mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji ukaja mwaka 2011, na Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, akapata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Kwotabeki mzuri anayelipwa kidogo huiachia klabu fedha za kununua wengine, kwa hiyo klabu zikawa na hamu zaidi ya kubahatisha. Cade Massey na Richard Thaler walikuwa wameonyesha kwamba klabu hulipa kupita kiasi ili zipate zamu za mwanzo, kwa kujiamini mno katika utabiri wao. Naamini kwa makwotabeki kasoro hiyo haijapungua.

Basi karibu kazini. Anza na kijana mmoja na mechi zake nzima, hasa zile alizofungwa, na uziache video fupi. Tazama kila shambulizi alilobanwa, uandike alichokiona na alichokikosa. Andika hukumu yako kabla ya Aprili, uiwekee tarehe, na useme wazi ni jambo gani litakaloonyesha kwamba umekosea. Usiibadilishe baada ya drafti, hata klabu unayoiheshimu ikiamua kinyume. Isome tena baada ya misimu mitatu, kisha uchague kijana mwingine.