Exetat: Kukariri biolojia bila kuelewa kunawaangusha wafinalisti wa biochimie

Kila mwaka, Exetat ikikaribia, picha ni ile ile Goma, Bukavu, Butembo na Bunia. Jioni umeme umekatika. Vijana wa mwaka wa nne wa humanités wanakaa wawili ao watatu kando ya mwanga wa simu, kaye ya biolojia juu ya magoti, wakirudilia kwa sauti maana ya «mitose», «méiose», «génotype», «phénotype». Maneno yanatoka vizuri, kwa Kifaransa safi. Lakini uliza kwa nini baba na mama wenye afya nzuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa SS. Wengi wananyamaza.

Tatizo la biolojia kwa wafinalisti wengi liko hapo. Hawakosi bidii. Wanashika maneno na kuacha maana, na siku ya mtihani maneno peke yake hayatoshi.

Mtihani unaomba nini

Kisha dissertation na majaribio mengine ya hors-session, session ordinaire inachukua siku nne: culture générale, sciences, langues na cours d'option. Mwanafunzi anapewa maulizo yenye majibu kadhaa, naye anachagua moja. Kwa kupata diplome d'État, anapaswa kufikisha angalau 50%.

Wengine wanafikiri kwamba kuchagua jibu ni rahisi kuliko kuliandika. Ukweli ni kwamba majibu yanafanana, na aliyekariri bila kuelewa anababaika kati ya mawili. Tena diplome si mwisho wa safari. Mwenye kutaka kusomea udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Goma, Université Officielle de Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu ao cha Graben kule Butembo, atakutana na biolojia ile ile tangu majuma ya kwanza, tena kwa kina zaidi.

Mfano wa SS

Tuchukue drepanositozi, ugonjwa ambao familia nyingi kwetu zinaujua kwa jina la SS. Kila mtu anapokea alama moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye AA hana ugonjwa. Mwenye AS anabeba alama ya ugonjwa lakini kwa kawaida haugui. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Kama baba ni AS na mama ni AS, kila mmoja anaweza kutoa A ao S. Chora mraba wenye vyumba vine: kimoja kitakuwa AA, viwili AS, kimoja SS. Kwa hiyo, kwa kila mimba, nafasi ya kupata mtoto SS ni 25%, AS ni 50%, na AA ni 25%.

Wengi wanakosa hapa. Wanasema: katika watoto wanne, mmoja lazima awe mgonjwa. Hapana. Hesabu inaanza upya kwa kila mimba. Familia inaweza kuzaa watoto wanne bila SS hata mmoja, na nyingine ikazaa wawili wanaofuatana. Anayeelewa jambo hilo ataweza kujibu pia kama mtihani ukibadilisha wazazi: AS na AA hawawezi kuzaa SS, AS na SS, nafasi ni nusu kwa nusu.

Vivyo hivyo kwa grupu ya damu. Mama ni O, baba ni AB: kwa kawaida watoto watakuwa A ao B, hawatakuwa O wala AB. Mtoto hapa hafanani grupu na mzazi yeyote, na bado ni mtoto wao halali. Kuna nyumba zinazoingia katika ugomvi kwa kukosa hesabu hii ndogo.

Laboratware iko jikoni

Shule nyingi za mashariki hazina mikroskopu, ao iko moja ndani ya kabati ya prefe. Lakini masomo mengi yanaonekana nyumbani.

Kasiksi ni somo la fermentation: chachu, bila hewa ya oksijeni, inageuza sukari ya ndizi kuwa pombe na gazi karboniki. Kipande cha mkate kikitafunwa muda mrefu kinaanza kuwa kitamu, kwa sababu mate yana amylase inayokata amidon kuwa sukari. Mihogo michungu inalowekwa majini ili sumu yake ipungue. Mbegu za maharagi juu ya pamba yenye maji zinaonyesha germination ndani ya siku chache. Kopo moja likiwekwa gizani na lingine kwenye mwanga, mwanafunzi ataona majani ya gizani yamepauka, kwa kukosa klorofili. Mwenye kuona hayo kwa macho yake hatasahau upesi.

Namna ya kujitayarisha

Jambo la kwanza ni kugawa kazi. Mfinalisti aandike orodha ya sura zote: seli, genetiki, damu na kinga ya mwili, hormoni, mishipa ya fahamu, mimea, ekolojia. Aweke alama kwenye zile zinazomsumbua, kisha aanze na hizo.

Pili, afunge kaye na kuandika ao kuchora anachokumbuka, halafu aifungue na kusahihisha. Kusoma ukurasa mara kumi kunamfanya mtu afikiri anajua; kuuchora bila kutazama kunamwonyesha kama anajua kweli.

Tatu, aeleze somo kwa Kiswahili kwanza, kisha alirudishe katika Kifaransa. Mtihani uko katika Kifaransa, kwa hiyo maneno yake ni lazima yajulikane. Lakini yanashikamana vizuri na maana iliyokwisha kueleweka.

Nne, afanye maulizo ya miaka iliyopita kwa saa, bila simu. Na hesabu zisiachwe. Kwa mfano, kama ADN ina adenine 30%, thymine ni 30% pia. Inabaki 40%, ambayo guanine na cytosine wanagawana 20% kwa 20%.

Miezi iliyopotea na majibu ya kuuzwa

Ushauri huu una uzito zaidi kwa wanafunzi waliopitia vita. Kisha Goma kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, shule nyingi zilifungwa kwa muda. Familia zilikimbia, kaye zikabaki nyuma. Aliyepoteza majuma hawezi kukariri kila kitu. Lakini akishika mizizi ya somo, anaweza kulipa sehemu kubwa ya deni lake.

Wakati huo ndipo wauzaji wa majibu wanapotokea kwenye simu. Wanaomba pesa kwa wazazi ambao tayari wamehangaika kupata malipo ya mtihani. Simu haziruhusiwi ndani ya chumba cha mtihani, na mwenye kukamatwa anaweza kupoteza mwaka mzima. Hata asipokamatwa, atafika chuoni bila msingi, na huko hakuna wa kumuuzia majibu kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mzazi asiyejua biolojia anaweza pia kusaidia. Jioni hii, amwambie mtoto wake afunge kaye na kumweleza kwa Kiswahili, kwa dakika kumi, namna SS inavyotoka kwa wazazi wenye afya. Kama mzazi hakuelewa, mtoto afungue tena kaye, amalize kuisoma, kisha aeleze mara ya pili.