Shahada ya Jinsia na Mashamba ya Mgeta

Wanafunzi wanaomaliza kidato cha sita, na zaidi wazazi wao, hutuuliza shahada ya jinsia ni somo la namna gani. Wengine hudhani ni somo la wanawake peke yao. Wengine huliona kuwa jambo lililoletwa kutoka Ulaya ili kuvuruga nyumba za watu. Tumeona ni vema tueleze kwanza somo lenyewe, kisha tulipeleke Mgeta, katika milima ya Uluguru, tuone kama lina kazi huko.

Hatuna budi kuanza na maneno. Jinsi ni maumbile ya kike au ya kiume. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyajenga juu ya maumbile hayo: nani alime, nani arithi, nani aseme barazani na nani anyamaze. Mtu huzaliwa na jinsi yake, lakini jinsia hufundishwa, na kwa sababu hiyo haifanani Upareni na Unguja, wala haifanani kati ya bibi na mjukuu wake. Ujinsia nao ni habari ya mapenzi, tendo la ndoa, uzazi, na miiko yote inayoyazunguka mambo hayo.

Katika Afrika ya Mashariki somo hili si la jana. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara ya masomo ya wanawake mwaka 1991. Mwaka 1992 Mtanzania Ruth Meena alihariri kitabu juu ya jinsia Kusini mwa Afrika, kikijadili dhana zenyewe na matumizi yake. Nchini kwetu, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho kilianza mwaka 1961 kikiitwa Kivukoni, hutoa shahada ya kwanza ya jinsia na maendeleo. Upande wa ujinsia uliingia vyuoni kwa mlango wa msiba. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kugunduliwa Kagera mwaka 1983, haikuwezekana tena kwa wasomi, wala kwa wachungaji, kuyaacha mambo ya chumbani yasisemwe. Mwanafunzi husoma nadharia, historia, sheria na njia za utafiti, kisha hupelekwa kwa wananchi kujifunza kazi kwa vitendo.

Sasa twende Mgeta. Watu wa Langali, Nyandira, Tchenzema na Bunduki hulima kabichi, karoti, njegere na viazi kwenye miteremko mikali, na mazao hayo huteremshwa hadi Morogoro na Dar es Salaam. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo huitwa lukolo, na tawi lake huitwa tombo, yaani ziwa la mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo hiyo.

Msomaji wa haraka atasema: basi huko wanawake wanatawala, somo la jinsia halina kazi. Hapo ndipo tunapoomba subira. Ardhi hupita kwa mama, lakini msemaji wa ukoo kwa desturi ni mjomba, kaka wa mama. Yeye hugawa, yeye husuluhisha. Kumiliki na kuamua ni mambo mawili, na kulijua hilo ni nusu ya somo lote. (Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya shahada hii, kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa. Mwanafunzi asipojihadhari, cheo kikuu kuliko vyote vya ukoo wa Kiluguru kitapotea ndani ya ripoti yake.)

Tufikirie kisa cha kawaida. Mwanamume amelima shamba la lukolo lake mwenyewe, amepanda miti ya matunda, amejenga nyumba pamoja na mkewe kwa miaka ishirini. Anafariki. Kwa desturi, warithi wa shamba ni watoto wa dada zake, kwa kuwa watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mkewe. Mjane anaambiwa arudi kwao, na kwao huenda kweli ana sehemu yake, kwa sababu huko yeye ni dada. Kanuni ile ile inayompa ardhi akiwa dada humnyang'anya akiwa mjane. Na anayekuja kuchukua shamba mara nyingi ni mwanamke mwenziwe, wifi yake, akidai haki ya watoto wake. Katika kisa hiki maneno “haki za wanawake” peke yake hayamsaidii mtu. Ni lazima tuulize: mwanamke yupi, na katika nafasi ipi?

Mambo yamezidi kuwa magumu tangu mboga zilipoleta fedha. Baba aliyetoa jasho lake huona uchungu kuwaachia wapwa, naye hutafuta njia ya kuwapa wanawe. Jan Kees van Donge, aliyechapisha utafiti wake juu ya migogoro ya ardhi ya Mgeta mwaka 1993, alionyesha jinsi hali ya kutokuwa na uhakika wa haki ilivyotawala mashauri hayo. Jambo kama hilo wazee wa kanisa hulijua bila kusoma kitabu, maana mara nyingi huitwa wasuluhishe kabla kaburi halijakauka.

Sheria nayo ina historia yake. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa ajili ya makabila ya upande wa baba, hivyo jamii kama ya Waluguru ziliachwa nje ya maandishi hayo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi, na ikataka wajumbe wasiopungua watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Mjane wetu, basi, ana pa kusimama. Lakini wifi yake naye ni mwanamke, na sheria ile ile inamlinda.

Kuhusu ujinsia, yafaa tukumbuke kwamba Uluguru ulikuwa na shule yake. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundishwa na wanawake wazima juu ya mwili wake, mume na uzazi. Katika jamii hizi, na kwa majirani Wazaramo na Wakwere, kulikuwa na kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, ambacho mwali alikitunza kama mtoto. Wamisionari wengi waliyapinga mafundisho hayo. Sisi tunaona walikuwa na sababu katika baadhi ya mambo, hasa pale mwali alipotoka ndani moja kwa moja kwenda kuolewa. Lakini walipoiondoa shule ile hawakuweka nyingine mahali pake, na binti wa leo hujifunza gizani. Akipata mimba shuleni, waraka wa serikali wa Novemba 2021 unamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua. Kama nyumbani na kanisani atapokelewa ni swali jingine.

Wahitimu wa shahada hii huwa maafisa maendeleo ya jamii, hufanya kazi katika mashirika, au huendelea na utafiti. Ajira haziwatoshi wote, na mzazi anayeuliza juu ya hilo anauliza vema. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, tungempendekezea Mgeta: aketi na baraza la ardhi la kijiji kimoja kwa msimu mzima, aandike ni nani aliyeleta shauri, alilileta akiwa dada, mke, mjane au mpwa, ni nani aliyezungumza kwa niaba yake, na wale wajumbe wanawake watatu walisema nini.